Taa za Probox hazifiki mbali: ninunue globu gani?

"Shikamoo fundi. Nina Probox ya kubebea machungwa, natoka nayo Muheza saa tisa usiku kuwahi soko Tanga mjini. Taa zilikuwa hafifu, nikanunua globu za LED, boksi limeandikwa lumeni 20000. Zinawaka nyeupe kweli, lakini kila ninayepishana naye ananipigia fulu, na mimi mwenyewe mbele sioni mbali. Taa ndogo ya kushoto nayo imeungua. Duka moja wananishauri niweke globu za wati 100. Ninunue zipi, za taa kubwa na za taa ndogo?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na jibu lenyewe, maana najua usiku wa leo unaingia tena barabarani. Toa hizo LED. Rudisha globu za kawaida za H4, yaani aina yenye fulu na dimu ndani ya globu moja, volti 12, wati 60/55 (60 za fulu, 55 za dimu), mbili mpya za kampuni moja, zenye herufi E ndani ya duara kwenye kitako, alama kwamba zimekidhi viwango. Taa ndogo weka W5W ya wati 5, ile ya kioo kitupu isiyo na kitako cha chuma, ambayo madukani wanaiita T10. Za wati 100 usiziguse kabisa. Ila kabla hujatoa hata shilingi, pima umeme unaofika kwenye globu, kwa sababu nina shaka kubwa kwamba globu zako za mwanzo hazikuwa na kosa lolote.

Kama hujaitupa globu ya zamani, ishike kwenye kitako cha chuma uiinue mbele ya dirisha. Ndani utaona vispringi viwili vyembamba, hata punje ya mchele ni ndefu kuliko kimoja. Kilichokaa nyuma, karibu na kitako, ni cha fulu, mwanga wa mbali. Kilichotangulia mbele ni cha dimu, mwanga ulioshushwa, na chini yake kuna kikombe kidogo cha bati. Kikombe hicho ndicho roho ya taa yako. Kinauzuia mwanga usipige nusu ya chini ya kioo cha ndani ya taa, kile cha fedha kinachourudisha mwanga mbele. Unapiga nusu ya juu peke yake, na kioo kinaurudisha ukielekea chini, barabarani. Ndiyo maana ukisimamisha gari mbele ya ukuta ukawasha dimu, unaona mstari: chini kuna mwanga, juu kuna giza. Upande wa kushoto mstari unapanda kidogo ili umwone mtu anayetembea pembeni, na upande wa kulia unabaki chini ili usimpofushe anayekuja.

Waliotengeneza kile kioo cha ndani walikipindisha kwa hesabu ya mahali kispringi kilipo. Kispringi kikihama milimita moja tu, mwanga unakwenda kwingine. Sasa LED uliyofunga haina kispringi. Ina vidonge bapa vya mwanga vilivyobandikwa pande mbili za mti wa chuma, na huo mti ni mnene. Hata mtengenezaji akijitahidi vipi, vidonge havikai palepale, wala haviangazi pande zote kama waya unaowaka. Mwanga unamwagika juu, ndio unaoingia machoni mwa dereva wa lori la saruji anayetoka Pongwe, naye anakupigia fulu akidhani umesahau kushusha. Mwingi uliobaki unaanguka hapa karibu, mita chache mbele ya boneti. Barabara ya karibu inang'aa kama mchana, mboni ya jicho lako inajibana kwa huo mng'aro, na huko mbali unakotaka kuona panazidi kuwa giza. Kwa hiyo hukukosea ulipoandika kwamba zinawaka sana na bado huoni. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Na ile namba ya boksi usiiamini. Lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga. Globu halali ya H4 inatoa lumeni 1650 kwenye fulu na 1000 hivi kwenye dimu. Taa ya zenoni ya kiwandani, ile ya magari ya bei, inatoa kama 3200. Kiglobu cha kuchomeka kwenye shimo la H4 hakiwezi kutoa 20000, na kingeweza kingekuwa hatari zaidi. Cha kujiuliza kuhusu globu ni mwanga wake unaangukia wapi.

Nakusisitizia hivi kwa sababu naifahamu barabara yako. Kati ya Muheza na Pongwe, saa kumi alfajiri, kuna watu wa mikonge wanaotembea pembeni kwenda kazini, kuna wenye baiskeli zisizo na taa wamefunga magunia nyuma, kuna wanafunzi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari inakula mita 22 kila sekunde. Sekunde mbili za kutoona, baada ya kumulikwa na mtu kama wewe ulivyo sasa, ni mita 44 unazopita ukiwa kipofu. Na anayekuja mbele yako anapita vilevile.

Turudi kwenye umeme, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu wengi zinapotea bure. Mwanga wa globu ya kawaida haupungui sawasawa na volti. Volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga unashuka kwa asilimia 30 hivi. Wiki chache zilizopita nililetewa Probox nyingine ya Makorora, malalamiko ni hayohayo yako, na mwenyewe alikuwa ameshabadilisha globu mara tatu. Injini inaunguruma, kwenye betri nikapata volti 13.9. Nikachomeka ncha za testa ya kusoma volti nyuma ya plagi ya globu ya kulia, taa ikiwa inawaka: 11.4. Volti mbili na nusu zimekufa njiani. Kwa hesabu yake, ile taa ilikuwa inatoa karibu nusu ya mwanga wake. Nilipoivuta plagi, ile plastiki nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi, na terminali moja imelegea hadi unaweza kuichomoa kwa kucha. Nilibadilisha plagi mbili, nikasugua ncha za ethi (waya za hasi zinazofungwa kwenye bodi) kwa msasa, nikafunga boliti upya na kupaka grisi. Nikapima tena nikapata 13.3. Globu zilikuwa zilezile alizokuja nazo. Alipowasha ukutani alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza nimeweka za kampuni gani.

Fanya hivyo na wewe. Testa ya kawaida inatosha. Injini iwe inazunguka, taa ziwe zinawaka na globu iwe mahali pake, maana ukipima plagi ikiwa wazi, umeme hauna kazi ya kufanya na namba itakudanganya. Pima kwenye betri kwanza. Ukipata chini ya 13.5 hivi, shughulika na alteneta, ile inayochaji betri, au mkanda wake kabla ya kitu kingine. Kisha pima kwenye globu. Tofauti ya nusu volti naivumilia. Ikizidi volti moja, kosa ni la waya. Kujua ni upande gani, weka ncha moja ya testa kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye mguu wa chanya wa globu. Namba utakayoiona ndiyo inayopotea upande huo. Rudia kwa upande wa hasi. Angalizo moja ambalo mafundi vijana hulikosa: Toyota nyingi za Kijapani zenye H4 zimefungwa kinyume na wanavyotarajia. Mguu wa globu unaotumiwa na fulu na dimu kwa pamoja ndio wenye chanya, na swichi inakata upande wa ethi. Fundi asiyejua hilo anaweza kukufungia rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ikagoma, au akakuunguzia fyuzi.

Huku kwetu pwani waya hazifi kwa uzee peke yake. Upepo wa bahari una chumvi, na gari inayolala Raskazone au Chumbageni mwaka mzima, zile ethi zilizofungwa kwenye bodi mbele zinaota kutu ya kijani chini ya boliti huku juu zinaonekana salama. Gari yako inalala Muheza, una nafuu kidogo, lakini gari za mtumba hujui zililala wapi kabla yako. Fungua boliti, usiangalie kwa juu tu.

Kingine cha bure ni kava la taa. Makava ya sasa ni ya plastiki, na jua linaikausha ile rangi ya kinga ya juu mpaka kava linakuwa la njano na ukungu. Ukitia globu yoyote nyuma yake, mwanga unatawanyika kwenye huo ukungu na kuwaumiza wanaokuja. Msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, halafu polishi, kazi ya saa moja na nusu. Lakini msasa unaondoa pia kinga iliyobaki, kwa hiyo bila kupuliziwa vanishi ya kuzuia jua, baada ya miezi michache litarudi njano kuliko mwanzo. Dawa ya meno ambayo vijana wanaipigia debe inang'arisha kwa siku chache tu. Na ukichungulia ndani ukakuta kile kioo cha fedha kimefubaa au kimemenyeka, hakuna globu itakayokusaidia. Hapo tafuta taa nzima. Ukinunua taa ya mtumba, hakikisha imetoka kwenye gari ya usukani wa kulia. Taa ya gari la Marekani au Ulaya bara inainua mwanga upande wa kulia, yaani moja kwa moja machoni mwa mtu kwa barabara zetu.

Kuna jambo hukuuliza, lakini mzigo wako umelitaja. Machungwa. Probox ikijazwa nyuma, mkia unakaa chini na pua inainuka, na taa zinainuka pamoja nayo. Hata ukiwa na globu sahihi, ukibeba viroba kumi na kitu utawapofusha watu. Gari nyingi za Kijapani zina kigurudumu kidogo karibu na usukani chenye namba kuanzia 0; ukipakia, kizungushe kuelekea namba kubwa, taa zinashuka. Kama chako kimekufa, pima taa ukiwa umeshapakia. Simamisha gari mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, upepo wa matairi ukiwa sawa na wewe umekaa ndani. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, weka alama ukutani kwa chaki. Mstari wa dimu unatakiwa uwe sentimita 5 hivi chini ya alama hiyo. Ukisimama mita 10, uwe sentimita 10. Nyuma ya taa kuna skrubu za kurekebisha. Fanya hivi kila ukibadilisha globu.

Sasa dukani. Utakuta H4 za aina tatu nne, bei zimepishana sana.

Ya kawaida, mwanga wa manjano kidogo, kama kelvini 3200 kwa kipimo cha rangi ya mwanga: hiyo ndiyo yako. Vispringi vyake ni vinene kiasi na vinavumilia mitikisiko ya barabara za vumbi. Kuna zilizoandikwa zinatoa mwanga zaidi kwa asilimia 50, 100 au hata 130. Za kampuni zinazoeleweka ni halali na mwanga wake unafika mbali kweli, lakini zinaupata kwa kuvichosha vispringi, kwa hiyo hazidumu. Mtu anayesafiri usiku mara moja kwa mwezi anaweza kuzifurahia. Wewe unayewasha kila siku tangu saa tisa, utakuwa mteja wa kudumu wa duka. Kisha kuna zile za bluu. Zinapendwa kwa sababu zinafanana na zenoni, lakini kioo kilichopakwa bluu kinauzuia mwanga, hakiongezi. Mvua ikinyesha kwenye lami nyeusi utaona kama hujawasha kitu.

Za wati 100 wanazokushauri hapo dukani, hesabu yake ni hii: globu mbili za wati 55 zinavuta ampea 9 hivi; mbili za wati 100 zinakaribia 17. Waya, swichi na plagi za gari yako hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Kinachotangulia ni volti kushuka zaidi, halafu plagi inaanza kunuka, kisha kile kioo cha ndani kinaungua na kufubaa kwa joto. Nimeshatoa plagi zilizoshikana na globu kwa kuyeyuka, ikabidi tukate. Zenoni za kufunga mtaani kwenye taa ya H4 nazo nazikataa kwa sababu ileile ya LED, tena ni mbaya zaidi kwa sababu ya wingi wa mwanga. Wenye gari zilizokuja na zenoni kutoka kiwandani, hilo ni jambo tofauti, nao wasome namba kwenye kitako: D2 na D4 hazibadilishani hata kama zinafanana, kwa sababu volti zake si sawa, na ile yenye R mwishoni ni ya taa ya kioo wakati yenye S ni ya taa ya lenzi.

Kwa wasomaji wengine wasio na H4, msiulize dukani kwa jina la gari tu. Gari ya mwaka mmoja, jina moja, inaweza kuwa na taa tofauti kulingana na daraja lake. Toa globu, soma kitako: H7, H11, HB3, HB4, chochote kilichoandikwa, nunua hichohicho.

Kufunga kunahitaji mikono safi na subira. Kioo cha globu usikiguse kwa vidole. Kinapata joto kali sana, na mafuta ya kidole yanaungua pale yalipo, kioo kinadhoofika na kinaweza kupasuka. Ukikigusa kwa bahati mbaya, kifute kwa spiriti na kitambaa safi. H4 ina masikio matatu, lile pana linakaa juu. Ikikaa vizuri haichezi, hata kabla hujafunga kile kibanio cha waya. Nimeona globu nyingi zilizopindishwa kwa nguvu, sikio moja liko nje ya nafasi yake, na mwenye gari analalamika kwamba globu ni feki. Halafu rudisha mpira wa vumbi nyuma yake hadi uingie pande zote. Ndio unaozuia unyevu. LED nyingi zina feni nyuma ambayo mpira hauwezi kuipita, na fundi anautupa au anautoboa; kwa hewa yetu ya pwani, taa iliyokaa bila mpira inafubaa ndani mapema. Angalia kama bado unao. Kama waliutupa, nunua mwingine siku hiyohiyo.

Badilisha zote mbili kwa pamoja. Iliyobaki kati ya zile za zamani, kama kioo chake hakijaanza kuwa cheusi, ifunge kwenye karatasi uiweke kwenye droo ya dashibodi.

Taa ndogo usiidharau. Wengi wanaiona ni ya kuegeshea gari tu, lakini siku taa kubwa ya kulia ikiungua ukiwa njiani usiku, anayekuja ataona taa moja tu na atadhani ni bodaboda iliyobana kushoto. Atakuja katikati. Kile kiglobu cha wati 5 upande wa kulia ndicho kinachomwambia kwamba gari inaishia hapa. Mwanga wake ni lumeni 50 tu, na zinatosha, kwa sababu kazi yake ni kuonekana.

Hapa kwenye taa ndogo sina ugomvi na LED, maana haina mstari wa kuharibu. Ila kuna mambo ya kuangalia. Iwe nyeupe, bluu ni ya magari ya dharura na nyekundu inakaa nyuma. Isiwe na lenzi ya kukusanya mwanga mbele, kwa sababu hiyo inaonekana kwa anayekuja moja kwa moja tu, aliye pembeni haioni. LED ina chanya na hasi, kwa hiyo ikigoma kuwaka ichomoe uigeuze kabla hujairudisha dukani. Na kwa kuwa soketi yake ipo jirani na H4, joto linaziua zile za bei rahisi haraka. Mimi kwenye gari yangu nimeweka za kawaida za wati 5. Zina bei ndogo, na ninaweka nne za akiba kwenye kijaluba.

Taa ndogo ya kushoto isipowaka hata kwa globu mpya, angalia soketi. Zile T10 zinashikiliwa na vibati viwili vyembamba, na mara nyingi vimepanuka au vimeota kutu. Vibane kidogo kwa koleo ya mdomo mrefu, usiku umeshaokoka.

Ukishapima, niandikie volti za betri na za globu zote mbili, kulia na kushoto. Na kama bado unalo lile boksi la LED, waombe waliokuuzia wakubadilishie kwa H4 za kawaida.